Maswali ya wasomaji: kufundisha uandishi na fasihi vyuoni Marekani kwa mkataba wa muhula

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani ambao ni wahadhiri wa muda, au wanataka kuwa. Mhadhiri wa muda ni mwalimu wa chuo anayeajiriwa muhula kwa muhula na kulipwa kwa kozi. Muhula ukiisha, mkataba nao umekwisha. Tumechagua barua zinazogusa wengi.

Nina shahada ya uzamili ya fasihi kutoka Dar es Salaam. Chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) cha hapa karibu kinatafuta walimu wa uandishi wa mwaka wa kwanza. Shahada yangu inatosha? Nianzie wapi? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Huenda inatosha, ila neno "fasihi" peke yake halikuvushi. Vyuo vingi hufuata kipimo hiki: uzamili wa somo lenyewe, au uzamili wa somo jingine pamoja na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 18 za ngazi ya uzamili katika somo utakalofundisha. Somo hapa ni Kiingereza. Kama ulisoma fasihi kwa Kiingereza, uko pazuri. Kama ulisoma Kiswahili au isimu, mkuu wa idara atahesabu kozi zako moja moja, na huenda ukaambiwa urudi darasani kwa kozi mbili tatu. Anayepata taabu zaidi ni aliyefanya uzamili kwa tasnifu pekee, kwa sababu nakala yake ya matokeo haina kozi za kuhesabiwa.

Kabla ya kulipia chochote, mwandikie mkuu wa idara umuulize wanakubali tathmini ya shahada kutoka shirika gani. Vingi hukubali mashirika yaliyo chini ya NACES, umoja wa mashirika ya kutathmini vyeti vya nje. Agiza tathmini inayoorodhesha kila kozi, si ile fupi inayosema tu "hii ni sawa na uzamili". Ile fupi ni nafuu, lakini haionyeshi krediti 18, na utajikuta unalipa mara mbili. Matokeo nayo hutakiwa yatoke chuoni kwako moja kwa moja, kwa hiyo yaombe mapema mno kuliko unavyodhani inahitajika.

Halafu kuna majira. Muhula wa vuli huanza mwishoni mwa Agosti, na mapengo huonekana kati ya Juni na mwanzo wa Agosti. Ule wa Januari hujazwa Novemba na Desemba. Barua pepe iwe fupi, aya mbili: una sifa gani, uko huru siku zipi na saa zipi. Hizo saa ndizo mkuu wa idara anazitafuta kwanza. Ambatisha wasifu, nakala ya matokeo na silabasi ya kozi wanayoifundisha wao, yenye namba na malengo yaliyo kwenye orodha yao ya kozi.

Ukiitwa, mara nyingi utaombwa ufundishe somo la majaribio la dakika 15 au 20. Waliosomeshwa kwa mihadhara huanguka hapa: wanahutubia. Wasaili wanataka kuona wanafunzi wakiandika. Wape aya moja, waandike sentensi mbili, mbili zisomwe kwa sauti, na uonyeshe utakavyoirekebisha moja yao.

Nimepewa kozi moja ya krediti 3, wanafunzi 24, dola 3,900. Ni malipo mazuri? (Mama wa watoto wawili, Texas)

Malipo ni ya kozi, lakini maisha yako yanakwenda kwa saa, kwa hiyo tuhesabu saa. Darasani ni dakika 150 kwa wiki. Kwa wiki 15 ni saa 37 na nusu. Mara ya kwanza kuifundisha kozi, weka saa mbili za maandalizi kwa kila saa ya darasa: 75. Insha nne kwa wanafunzi 24 ni insha 96. Ukizisahihisha kwa dakika 20 kila moja, ni saa 32. Ukisoma na rasimu zake kwa dakika 15, ongeza saa 24. Barua pepe na wanafunzi wanaokuja kuuliza, saa mbili kwa wiki: 30.

Jumla ni saa 198 na nusu, yaani kama dola 19.65 kwa saa kabla ya kodi. Kama chuo kiko mbali, dakika 40 kwenda na 40 kurudi, mara mbili kwa wiki, ongeza saa 40 barabarani, na malipo yanashuka hadi dola 16.35 hivi.

Sasa angalia namba ipi inaweza kusogea. Saa za darasa hazisogei. Maandalizi husogea sana: muhula wa pili wa kozi ileile, saa 75 zinaweza kuwa 30. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kozi moja iliyorudiwa mara mbili ina faida kuliko kozi mbili tofauti, hata kama ile tofauti inavutia zaidi. Ukiulizwa unataka nini muhula ujao, omba ileile, siku zilezile, na ikiwezekana madarasa mawili yanayofuatana ili uende chuoni safari moja.

Linganisha pia na vyuo vya jirani, hasa vyenye chama cha wafanyakazi. Katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York, mkataba wa chama ulipandisha kima cha chini cha kozi ya krediti 3 hadi dola 5,500 kufikia 2022. Kazi ni ileile. Tofauti ni mezani waliketi akina nani.

Kwa nini nakatazwa kuchukua kozi ya nne ilhali nafasi ipo? (Msomaji, Arizona)

Kwa sababu ya bima ya afya. Sheria inamhesabu mfanyakazi wa saa 30 kwa wiki kuwa wa muda wote, na mwajiri mkubwa asipompa bima anaweza kutozwa. Mamlaka ya kodi iliruhusu vyuo kuhesabu saa 2.25 kwa kila saa ya darasa, pamoja na saa za kuonana na wanafunzi na vikao vya lazima. Kila krediti ikihesabiwa kuwa saa moja ya darasa, kozi nne za krediti 3 ni saa 27 kabla hujaweka hivyo vikao. Chuo hakitaki kukaribia mstari, kwa hiyo kinafunga mlango kwenye kozi ya tatu. California ina kikomo chake cha kisheria: asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu katika wilaya moja ya vyuo vya jamii. Ndiyo sababu walimu wa huko hushinda kwenye barabara kuu, kutoka wilaya hadi wilaya.

Nina madarasa matatu, insha 75 kila baada ya wiki tatu. Nasahihisha hadi saa nane usiku na bado wanafunzi wanarudia makosa yaleyale. Nakosea wapi? (Mwalimu, Minneapolis)

Pole sana, mwalimu. Barua yako ndiyo iliyotufanya tuandike safu hii. Kwanza ujue kwamba mzigo wenyewe umezidi: chama cha kitaifa cha walimu wa uandishi wa vyuoni kinapendekeza darasa lisizidi wanafunzi 20, na mwalimu asiwe na zaidi ya 60 wa uandishi kwa muhula. Una 75. Hakuna ujanja utakaoufanya huo uwe mzigo mwepesi, lakini unaweza kuacha kubeba yasiyo yako.

Lisilo lako la kwanza ni kurekebisha kila kosa. Mwanafunzi anayepokea karatasi iliyojaa wino mwekundu hajui aanzie wapi, kwa hiyo haanzi. Hariri aya moja tu, kwa ukamilifu. Katika kurasa zilizobaki weka alama ya vema pembeni mwa mstari wenye kosa la aina ileile, bila kusema ni kosa gani. Mrudishie alitafute mwenyewe, na alama zake uziingize akishalirekebisha. Makosa mengi ya viambishi vya wakati na alama za kituo wanayajua, hawakuyatazama.

La pili ni maoni yasiyomwelekeza popote. Tuseme darasa limesoma hadithi ya mjane anayeuza shamba, na mwanafunzi ameandika: "Hadithi hii inaonyesha mambo mengi kuhusu mjane na shamba lake." Ukiandika "Fafanua", ataongeza sentensi tatu zenye maji yaleyale. Andika hivi: "Umesema mambo mengi. Chukua moja: kwa nini anauza baada ya mvua kunyesha, si wakati wa ukame? Jibu lako ndilo hoja ya insha hii." Umetumia sekunde 30, naye sasa ana kazi ya kwenda kufanya. Kila insha ipate maoni ya pembeni yasiyozidi mawili kwa ukurasa na maelezo ya mwisho ya sentensi tatu: kilichofaulu, tatizo kubwa kuliko yote, na hatua ya kuchukua kwenye rasimu ijayo.

Mpangilio wa kazi nao una siri zake. Usipange madarasa matatu yakusanye wiki moja. Moja wiki ya nne, la pili ya tano, la tatu ya sita. Kabla ya kutoa alama yoyote, soma insha tano bila kalamu ili ujue wastani uko wapi, la sivyo zile za kwanza zitapata ukali na za mwisho zitapata uchovu wako. Gawa alama kwa vigezo vinne tu, kwa mfano hoja 30, ushahidi 30, mpangilio 20, lugha 20, na uwape karatasi ya vigezo siku unayotoa swali. Weka saa ilie kila baada ya dakika 15. Ikilia, andika sentensi zako tatu na ufunge.

Na rasimu? Acha kuziandikia. Omba ruhusa ya idara, futa vipindi vya wiki moja, na umwone kila mwanafunzi kwa dakika 10, rasimu ikiwa mezani kati yenu. Wanafunzi 25 ni saa 4 na dakika 10; kuziandikia kwa dakika 15 kungekula saa 6 na robo. Mwambie asome aya yake ya kwanza kwa sauti. Mara nyingi atasita palepale penye tatizo kabla hujafungua mdomo.

Umeuliza pia kuhusu insha za akili bandia. Dai ushahidi wa safari: maelezo aliyoyaandika darasani kwa mkono, rasimu, kisha insha. Usimshtaki mtu kwa alama ya programu ya kugundua maandishi ya mashine. Programu hizo zimeonekana kuwashuku kimakosa wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili, na hao ni watoto wetu.

Darasa langu limefutwa siku nne kabla ya muhula kwa kukosa wanafunzi. Nina haki gani? (Msomaji, California)

Fungua mkataba utafute malipo ya kufutwa kwa darasa. Penye chama mara nyingi yapo, madogo. Kisha omba mafao ya ukosefu wa ajira mara moja, usisubiri ahadi ya muhula ujao. Chuo kinaweza kupinga kikidai ulikuwa na uhakika wa kurudi kazini. Jibu liko kwenye barua yako ya kazi, kama inasema ajira inategemea idadi ya wanafunzi au bajeti. Tangu 1989, kesi ya Cervisi iliamua kwamba huko California, kazi yenye sharti la namna hiyo si uhakika. Tunza kila barua ya kila muhula, na ukikataliwa kata rufaa ndani ya muda ulioandikwa kwenye uamuzi.

Nina mkopo wa serikali wa masomo. Ni kweli wahadhiri wa muda wanaweza kusamehewa? (Msomaji, Maryland)

Ni kweli, kupitia mpango wa msamaha kwa watumishi wa umma (PSLF), ukiwa chuo cha umma au kisicho cha faida. Tangu Julai 2023, kila krediti unayofundisha huzidishwa kwa 3.35. Krediti 9 ni saa 30.15, na kinachotakiwa ni 30. Unaweza kujumlisha vyuo viwili vyenye sifa. Ukishafikisha malipo 120 yanayohesabika, salio linasamehewa. Linaloharibu ni fomu ya kuthibitisha ajira: ofisi ya waajiriwa hujaza saa za darasani tu. Peleka fomu pamoja na hesabu yako iliyoandikwa.

Niko kwenye kibali cha kazi cha mwanafunzi aliyehitimu. Kozi mbili zitanitosha? (Msomaji, Ohio)

Hatari ipo. Unatakiwa ufanye kazi angalau saa 20 kwa wiki, na siku 90 kwa jumla bila kazi ndizo kikomo cha kibali cha kawaida baada ya kuhitimu. Kwa kile kipimo cha bima cha saa 2.25, kozi mbili za krediti 3 ni saa 13 na nusu. Tatu ni 20.25. Omba chuo barua inayotaja saa zote, maandalizi na usahihishaji vikiwemo, na uipeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kutia sahihi. Panga pia Juni na Julai, kwa sababu likizo isiyo na mkataba inaweza kuhesabiwa kuwa siku bila kazi.

Mzazi amenipigia akitaka alama za mwanawe. Nimkatalie mtu mzima? (Msomaji, Seattle)

Ndiyo, kwa adabu. Sheria ya 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi inampa haki hiyo mwanafunzi mwenyewe akishaingia chuo. Mwambie mzazi: "Samahani, sheria hainiruhusu; tafadhali zungumza na mwanao." Usithibitishe hata kama kijana huyo yumo darasani mwako, kisha umjulishe mkuu wa idara.

Nimefundisha uandishi miaka mitatu. Lini nitapewa darasa la fasihi? (Msomaji, Boston)

Madarasa ya fasihi ni machache na walimu wa kudumu huyachagua kwanza. Njia ya kuingilia ni kozi ya pili ya uandishi, ile inayotumia hadithi, mashairi na tamthilia, kwa sababu ina madarasa mengi. Iombe hiyo sasa. Wakati huohuo andaa silabasi kamili ya fasihi ya Afrika au ya dunia inayolingana na namba ya kozi ambayo chuo kinayo tayari, yenye ratiba ya wiki 15 na maswali ya insha, na uipeleke Septemba, ratiba ya mwaka unaofuata inapoanza kupangwa. Kozi mpya kabisa hupita kwenye kamati kwa mwaka mzima. Iliyopo kwenye orodha lakini haina mwalimu inaweza kuwa yako Januari.