Maswali ya Wasomaji: Mbele ya Jukwaa la Maajabu

Mwezi huu barua tatu zimetufikia kuhusu jambo moja, nalo ni namna ya kutazama mchezo mkubwa wa kuigiza wenye maajabu na miujiza. Nimeziweka pamoja kwa sababu majibu yake yanategemeana.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Milimani, Kisumu. Binti yangu, ambaye ni muuguzi London, amenialika kumtembelea, na tayari amenunua tiketi za mchezo wa kuigiza uitwao Harry Potter and the Cursed Child, sehemu zote mbili kwa siku moja. Sijasoma hata kitabu kimoja cha mfululizo wa hadithi za Harry Potter, na mchezo wa mwisho kuutazama ulikuwa wa wanafunzi wangu katika tamasha la drama la shule. Je, nitaambua chochote, au nitaketi gizani mchana kutwa nikingoja kutoka?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Utaelewa, na ninasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nilipoutazama mchezo huo niliketi na shangazi yangu, ambaye hajawahi kuvifungua vitabu hivyo, na ndiye aliyelia kuliko sisi sote. Chini ya fimbo na majoho mna kisa cha baba na mwanawe wanaopendana lakini wameshindwa kuzungumza, na mtu aliyelea watoto wake, akafundisha na wa wenzake, hahitaji utangulizi wa kisa kama hicho.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda ni machache. Harry alifiwa na wazazi wake akiwa mtoto mchanga, akalelewa bila upendo nyumbani kwa dada ya mama yake, kisha alipotimiza miaka 11 akapelekwa shule ya bweni ya wachawi, ambako aliwapata Ron na Hermione, marafiki wa kufa kuzikana. Shule hiyo ina mabweni manne, na bweni unalopangiwa hukuandama maisha yako yote, jambo ambalo yeyote aliyesomea bweni nchini kwetu atalielewa upesi. Mchezo unaanzia pale kitabu cha saba, kilichotoka mwaka 2007, kinapoishia: ni miaka 19 baadaye, na Harry, sasa mtu mzima, anamsindikiza mwanawe Albus kwenye kituo cha treni cha King's Cross. Ukifika ukumbini ukiwa na hayo, yatosha.

Jambo ninalotaka ulitilie maanani zaidi ni urefu wa siku yenyewe. Mchezo huu ulifunguliwa katika ukumbi wa Palace, London, mwaka 2016 ukiwa na sehemu mbili, na kila sehemu huchukua zaidi ya saa mbili na nusu pamoja na mapumziko yake. Mjini New York waliufupisha mwaka 2021 ukawa onyesho moja. Baina ya sehemu ya kwanza na ya pili mtapata muda wa kutoka nje, na ninakusihi utumie muda huo kula chakula cha kushibisha na kunyoosha miguu, wala usiumalize wote kwenye foleni ya duka la ukumbi. Muulize binti yako pia viti vyenu viko ghorofa gani, kwa kuwa jumba hilo ni la mwaka 1891, lilijengwa kwa ajili ya opera, na viti vya juu kabisa vina ngazi nyingi na mteremko mkali. Nilikaa huko, na mtu mwenye magoti yanayouma angepata taabu.

Kuhusu maajabu yenyewe sitakuambia mengi. Tangu maonyesho ya kwanza, watazamaji walipewa beji za kuwaomba watunze siri za mchezo, nami ninaiheshimu ahadi hiyo. Nitataja moja tu. Kuna wakati ambapo muda unarudishwa nyuma, na jukwaa zima, pamoja na kuta zake, linaonekana kutikisika kama taswira ya mtu ndani ya maji ya ziwa yanapoguswa na upepo wa asubuhi. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Ninachokumbuka zaidi ni sauti ya ukumbi: zaidi ya watu elfu moja walivuta pumzi kwa pamoja, na mzee wa Kiingereza aliyekuwa kando yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana neno, akanishika mkono. Filamu ina uwezo wa kuonyesha milima ikipaa, lakini mtazamaji anajua kwamba kompyuta imefanya kazi hiyo. Jukwaani watu wako mbele yako, wanatoka jasho, na ajabu linatendeka hapo hapo walipo. Kwa hiyo, Mwalimu, usiketi ukitafuta kamba na vioo. Tazama nyuso za waigizaji, na maajabu yatakujia yenyewe.

SWALI: Mimi ni mama wa Kakamega na ni mshiriki wa kanisa. Mwanangu amechaguliwa kusafiri na wenzake na ratiba yao ina mchezo huohuo. Wenzangu kanisani wananiambia kwamba nikimruhusu nitakuwa nimempeleka mtoto kutazama uchawi. Nifanye nini?

JIBU: Mama, wasiwasi wako hauna ubaya, na sitaudharau. Kwetu neno uchawi lina uzito: linamaanisha dhara linalotendwa usiku, na wazee wasio na hatia wamewahi kuuawa kwa kusingiziwa. Hata hivyo, lugha yetu ina maneno mengine yanayofaa zaidi hapa, nayo ni mazingaombwe na kiinimacho, yaani ustadi wa kulihadaa jicho, ambapo anayetenda na anayetazama wote wanajua kwamba ni ustadi.

Ustadi huo una historia inayojulikana. Mwaka 1862, huko London, mwanasayansi John Henry Pepper alionyesha namna ya kuleta mzuka jukwaani kwa kuweka kioo kikubwa mbele ya watazamaji kwa mshazari, huku mwigizaji amefichwa chini akimulikwa kwa taa kali. Taswira yake kwenye kioo ilionekana kama mtu anayepenyeka. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuueleza mzuka huo kwa kanuni za mwanga alizofundishwa darasani. Katika mchezo huu pia yupo mtaalamu, Jamie Harrison, ambaye kazi yake ni kubuni viinimacho, na mengi ya yale yanayoshangaza hutegemea majoho yanayozungushwa kwa mpangilio, masanduku ya safari, ngazi zinazosukumwa na waigizaji wenyewe, na mwanga unaozimwa kwa wakati wake. Ni kazi ya mazoezi ya miezi.

Ningependa mwanao amjue pia Noma Dumezweni, mzaliwa wa Eswatini, ambaye wazazi wake ni wa Afrika Kusini, na ambaye alikuwa wa kwanza kumwigiza Hermione katika mchezo huu. Wapo waliopinga mwanamke Mweusi kupewa nafasi hiyo. Mwaka 2017 akatunukiwa Tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya michezo ya kuigiza Uingereza, ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Uamuzi ni wako, Mama, lakini mimi ningemruhusu aende, kisha akirudi ningeketi naye jioni nzima anisimulie aliyoyaona.

SWALI: Tukitazama michezo hapa Nakuru, watu hucheka kwa sauti, huwajibu waigizaji na hata kupiga vigelegele. Ndugu yangu aliyeko ng'ambo ananiambia kwamba huko tutaaibika. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 12. Je, tunyamaze kabisa?

JIBU: Katika kumbi za London watu hunyamaza maneno yanapozungumzwa, simu huzimwa, na kupiga picha wakati wa onyesho hakuruhusiwi. Yashikeni hayo, kwa kuwa mng'ao wa simu moja gizani huharibu kiinimacho kwa watu wote walio nyuma yako. Lakini kunyamaza si kuwa gogo. Kicheko, mguno wa mshangao na makofi vinakaribishwa, na waigizaji huvitegemea ili wajue kama wameeleweka.

Sikubali kwamba mazoea yetu ni ya aibu. Sisi tumelelewa katika fani ambayo msimulizi hawezi kuanza mpaka hadhira imwitikie: akisema paukwa, lazima tuseme pakawa. Wajaluo wana sigana, ambamo wasikilizaji hupokea nyimbo katikati ya hadithi, na msimulizi asiyepata kiitikio hujua kwamba amewapoteza. Hata Waingereza walilihitaji jambo hilo. Katika mchezo wa Peter Pan, uliochezwa mara ya kwanza London mwezi Desemba 1904, kijimalaika kinachoonyeshwa kwa nuru tupu hukaribia kufa, naye Peter huwageukia watazamaji na kuwaomba wapige makofi ikiwa wanaamini. Nuru ile huwaka tena kwa makofi yao. Ningefurahi siku moja kuona ukumbi wa Nakuru Players ukijaa watoto wa shule, Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Wajaluo ambaye angeweza kuuawa kwa kuchomwa kivuli chake tu, akiwa jukwaani na kivuli chake kikimulikwa ukutani, na watoto wakimpigia kelele akilinde kivuli hicho kabla mkuki haujarushwa. Kwa mchezo huo hatuhitaji mitambo ya London. Taa moja kali na shuka jeupe vinatosha kuanza.

Kuhusu watoto wako, waandaaji wa mchezo wa Harry Potter hushauri wale wa miaka 10 na zaidi. Yule wa miaka 12 ataufurahia. Yule wa miaka 7 atashindwa na urefu wake, na mna viumbe vya giza ambavyo vitamnyima usingizi, kwa hiyo mtafutie mchezo wa The Lion King katika ukumbi wa Lyceum, huko huko London, ambako umekuwa ukichezwa tangu mwaka 1999. Humo sura za waigizaji huonekana wazi chini ya vinyago vya wanyama, mtoto hukiona kikaragosi pamoja na mtu anayekiendesha, na atafurahi kuyasikia maneno ya Kiswahili anayoyajua kutoka nyumbani. Chagueni onyesho la mchana, na mkate tiketi za viti vya kando ya njia ili aweze kutoka bila kuwasumbua wengine.