Mashine inajizima na kujiwasha yenyewe: jua kwanza nani ameizima

Kwa nyinyi mnaoanza kazi ya kurepea kompyuta, uwe na kameza kako Luthuli Avenue hapa Nairobi ama unatengenezea majirani hapo Umoja kwa mtaa, kuna shida moja itakuja kwako tena na tena na ndiyo inakula muda wa fundi na pesa ya mteja kushinda zote. Mashine inajizima na kujiwasha yenyewe bila mtu kuigusa. Mteja akifika kwako ashachoka, aliambiwa kwa saiba ni virusi akawekewa Windows mpya, ikarudia, akaambiwa ni ramu akanunua ramu, ikarudia, sasa ameambiwa ni madabodi na anauliza kama anunue tu kompyuta nyingine. Inaniuma sana kuona hivyo manake mara nyingi huyo ni mzazi amenunulia mtoto mashine ya kusomea, ama mtu anatafuta riziki na hiyo hiyo mashine moja.

Usimwambie anunue kitu chochote kabla hujajua nani aliizima. Inaweza kuwa Windows yenyewe iliamua kuriboti kwa mpango wake, mfano apdeti. Inaweza kuwa Windows ilianguka kwa kosa ikaamua ianze upya. Ama nguvu ya stima ilikatika ndani ya mashine na Windows haikujua lolote, iko tu ghafla imekufa. Kwa macho ya mteja zote ni kitu kimoja, skrini nyeusi halafu logo. Kwa rekodi za mashine hazifanani hata kidogo, na ukishajua ni gani umeshafanya nusu ya kazi bila kufungua hata skrubu moja.

Hii maneno ya virusi ina historia yake, isikushangaze. Agosti 2003 kulikuwa na kirusi kinaitwa Blaster, kilikuwa kinashika Windows XP na Windows 2000, na kwa XP kilikuwa kinatoa ujumbe unahesabu sekunde 60 halafu mashine inariboti, watu wakaona hiyo kitu kwa macho yao na ikabaki vichwani. Siku hizi virusi vingi vinataka mashine ikae imewaka ndio vifanye kazi yake, kwa hivyo hapo si mahali pa kuanzia.

Anza na maswali. Uliza inazima ukifanya nini, ikiwa imekaa tu ama ukifungua gemu, saa ngapi, baada ya muda gani, iko kwa soketi gani, na nini kingine kiko kwa hiyo ekstensheni. Sikiza vizuri majibu, usikatize. Akikwambia inazima jioni pekee, hiyo ni habari kubwa, manake jioni ploti yote inapika na watu wanaoga, na shawa ya moto ya stima inaweza kuvuta zaidi ya wati 5000, kwa nyumba yenye waya nyembamba volti inashuka mpaka taa inafifia. Atakwambia lakini tivi haikuzima. Haijalishi. Pawasaplai, yaani kile kisanduku cha kugawa stima ndani ya kompyuta ya meza, ikiwa ya ile saizi ya kawaida inaitwa ATX, stima ikikatika inatakiwa ishikilie kama milisekunde 17 hivi, na stima yetu ya hezi 50 mzunguko mmoja ni milisekunde 20, kwa hivyo mkato mdogo sana ambao jicho linaona ni kama taa imepepesa unatosha kuangusha kompyuta, hasa kama kapasita za pawasaplai zimezeeka na hiyo milisekunde 17 imebaki jina tu. Laptopu yenye batri nzima haioni hiyo shida, kwa hivyo kama kuna laptopu kwa soketi hiyo hiyo na haizimi, hiyo haimaanishi stima ni nzuri.

Alafu kabla hujagusa kitu, weka faili za mteja mahali salama. Mashine inayokatika katikati ya kuandika inaweza kuharibu diski, na wewe ukikimbilia kuendesha chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa diski ambayo tayari inakufa unaweza kuimaliza. Nakili picha na kazi zake kwanza. Na kama diski imefungwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kuficha data, hakikisha ako na ule ufunguo wa kurudisha kabla hujabadilisha chochote kwa BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe.

Sasa rekodi. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha rekodi zake, nenda kwa Windows Logs, halafu System. Tafuta namba. 1074 inamaanisha kuna programu ama mtu aliomba mashine iriboti, na inakuandikia jina la aliyeomba, ukikuta ni apdeti shida imeisha, nenda uweke saa za kazi kwa Windows Update isimkatize mchana, umwambie ukweli na usimchaji kama umefanya opareshini. 6008 inasema tu kwamba mara ya mwisho mashine haikuzimwa vizuri. 1001 ya BugCheck inamaanisha Windows ilianguka kwa kosa na ikaandika namba ya kosa.

Halafu kuna 41, ile ya Kernel-Power, hapa nataka mtulie kidogo manake ndipo vijana wengi hupotea. Mtu anaona neno Power anakimbia kubadilisha pawasaplai. Lakini 41 haiandikwi wakati mashine inazima, inaandikwa ikishawaka tena, ni Windows inaamka na kusema sikuzimwa vizuri, basi. Inatokea kwa kila aina ya kuanguka. Jibu liko ndani yake, bonyeza Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mara nyingi Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote, yaani stima ilikatika, ama joto, ama mashine iliganda kabisa mtu akaizima kwa nguvu. Na kwa hiyo ya mwisho kuna mstari wa PowerButtonTimestamp, ukiwa si 0 basi mtu alifinya kitufe cha kuwasha akashikilia, na kwa nyumba yenye watoto uliza kwa upole. Ikiwa BugcheckCode ni namba nyingine, hiyo ni kosa la Windows, ila kumbuka pale imeandikwa kwa hesabu ya kawaida na orodha za makosa ziko kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16 inayoanza na 0x, kwa hivyo 159 ni 0x9F, kosa la draiva na mambo ya kulala na kuamka, na 292 ni 0x124, ambayo ni vifaa vyenyewe vinalalamika. Badilisha namba kwa kikokotoo kwanza ndio usiende kusoma kosa la wenyewe.

Jambo lingine la kufanya mapema ni kuizuia Windows kuriboti yenyewe ikianguka. Finya kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, sehemu ya Startup and Recovery, utoe tiki kwa Automatically restart. Baada ya hapo ikianguka itasimama na ujumbe kwa skrini, mteja anapiga picha na simu anakutumia. Ikiendelea kuzima ghafla bila ujumbe wowote, umepata jibu lingine, si Windows. Kumbukumbu za kuanguka ziko C:\Windows\Minidump, na BlueScreenView ama WinDbg ya Microsoft itazisoma, zote ni za bure. Kama faili ni nyingi na kila moja ina kosa tofauti, leo hili kesho lile, hapo mimi hushuku ramu kabla ya kitu kingine chochote. Kama kosa ni lile lile na draiva ni ile ile, shughulika na hiyo draiva.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni fleshi yenye Linux, mfumo mwingine wa bure usio Windows. Tengeneza moja, Linux Mint ama Ubuntu, uwashe mashine kutoka kwa fleshi bila kuinstoli kitu, uweke video icheze, uache ifanye kazi mchana wote. Ikizima hata huko, acha kabisa kulaumu Windows na usimwekee mteja Windows nyingine, shida ni vifaa ama stima. Ikikaa sawa sana na kwa Windows inazima, angalia draiva na programu. Hiyo fleshi moja inaokoa watu pesa nyingi.

Ukishajua ni vifaa, joto ndilo la kuangalia kwanza kwa sababu halina gharama. Dalili yake ni kwamba inakaa kidogo inazima, ukiwasha tena mara hiyo hiyo inazima haraka zaidi, ukiiacha ipoe inakaa tena. Prosesa nyingi za Intel mpaka wake ni kama digrii 100, inaanza kupunguza kasi kwanza ikijiokoa, ikishindwa ndio inakata. Angalia na HWiNFO, programu ya kusoma joto, mashine ikiwa na kazi, si ikiwa imekaa bure. Fungua utoe vumbi, na kwa nyumba zilizo kando ya barabara ya murram vumbi huwa limejaa kwa hitsinki, kile chuma cha kupoza prosesa, mpaka hewa haipiti. Ukipuliza na blowa shika feni isizunguke. Badilisha paste ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitsinki kama imekauka. Halafu kitu ambacho wengi hawaangalii, ile feni ya Intel inayokuja na prosesa inashikiliwa na miguu minne ya plastiki, mashine ikibebwa kwa matatu kutoka tao mpaka Rongai ikigongwa kila tuta, mguu mmoja unachomoka na hitsinki inakaa imeinuka upande. Sukuma yote minne uone haichezi.

Ramu, toa zote, safisha pini na rabba ya kufutia penseli, rudisha moja moja ukijaribu kila moja peke yake na kila nafasi. MemTest86, programu ya kupima ramu, iachwe usiku wote, dakika chache hazitoshi. Kama mtu aliwasha XMP kwa BIOS, ile ya kuendesha ramu kwa kasi zaidi, izime kwanza kabla ya kusema ramu ni mbovu.

Pawasaplai sasa. Laini ya volti 12 inaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, pima kwa waya wa manjano na mweusi mashine ikiwa inafanya kazi nzito, si ikiwa imelala. Lakini multimita ikisema 12.1 usiapie kwamba ni nzima, manake haioni mitikisiko ya haraka, na hapo hakuna njia isipokuwa kujaribu na nyingine unayoijua ni nzuri. Kila fundi awe na moja ya kujaribia, nunua hiyo kabla ya kununua vitu vingine. Usiamini wati zilizoandikwa kwa stika, soma ampea za laini ya 12, ampea 20 mara 12 ni wati 240 hata kama kwa kava wameandika 500 kubwa. Na hizi mashine eks-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zile OptiPlex na EliteDesk ndogo, nyingi pawasaplai zake zina umbo na viungio vyake, ya kawaida ya ATX haiingii, usimtume mteja kununua kabla hujafungua ukaona. Kitu kingine, na hapa nawaomba sana, msifungue pawasaplai yenyewe. Ndani kuna kapasita zenye volti zaidi ya 300 na zinaweza kubaki na chaji hata umeichomoa kwa ukuta. Kijana asiumie kwa sababu ya kifaa ambacho kinaweza kubadilishwa.

Pia chomoa waya wa kitufe cha mbele kwa madabodi, uwashe kwa kugusisha zile pini mbili na bisibisi, uone kama itakaa. Kitufe kilichokwama huwa kinazima mashine nzima na kinatengenezwa kwa dakika chache.

Na ile mashine inakaa kwako siku nzima haina shida, mteja akifika nyumbani inazima? Usimwambie anadanganya. Amini mteja. Mwambie akuletee kila kitu, kebo yake ya stima, ekstensheni yake, na UPS, kile kisanduku cha batri cha kushikilia stima, kama ako nayo, uijaribu navyo. Kebo iliyolegea nyuma ya mashine peke yake inaweza kuwa ndiyo. UPS ya batri ya asidi ikishamaliza miaka kati ya 3 na 5 batri huwa imechoka, taa ya kijani inawaka vizuri kabisa lakini stima ikipepesa inaangusha kila kitu, badala ya kulinda inakuwa ndiyo inayoua. Ijaribu na taa ya meza, chomoa UPS kwa ukuta uone taa itakaa muda gani. Vyote vikiwa sawa, nenda kwake jioni hiyo saa ambayo huwa inazima, jaribu soketi ya chumba kingine, gusa kichwa cha plagi uone kama kimepata moto. Ukipata soketi imeungua usiifungue wewe, mwambie mwenye nyumba aite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na mpaka hapo mashine ikae kwa soketi ile nyingine.