Tangi linajaa mchana, linapungua usiku
Kaka wa Masasi, hilo tangi lako la mafuta ya maganda ya korosho linalosoma juu mchana na kushuka usiku wakati hakuna aliyechota: sensa ya kupima kina cha mafuta iliyo juu ya tangi si mbovu, ni joto. Inatuma mlio ambao sikio halisikii, inasubiri mwangwi, kisha inapiga hesabu ya umbali kwa kasi ya sauti hewani. Kasi hiyo ni kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, ila kwenye 50 inafika 360 hivi. Mwangwi unawahi kurudi, sensa inadhani mafuta yako karibu. Kwa umbali wa mita 2 hizo ni sentimita 10 za uongo, na kwa jua la huko kwetu juu ya tangi la chuma, 50 si ajabu. Tafuta sensa yenye kipimajoto ndani, na uiwekee kivuli, maana ikipigwa jua moja kwa moja nayo itajidanganya. Isikae juu ya bomba la kuingizia. Wala mafuta yasiikaribie sana, kilicho karibu nayo mno haikioni. Kama mnayapasha moto na mvuke unajaa humo, hamia sensa ya rada tu, inayotumia mawimbi ya redio badala ya sauti.