"Taka chai" si kuomba chai: jibu kwa mdogo wangu

Mdogo wangu kaniletea ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye kundi la ukoo, mashangazi wote wanasikia. Kwa ufupi kasema hivi: "Dada, mwaka wa tano huu uko Bangladeshi. Kila tukipiga video mavyaa wako anaongea, weye unacheka na kutikisa kichwa tu. Hiyo lugha ina nini? Si Kihindi tu hicho?"

Haya. Siku zote nimekuwa nikijibu "naendelea vizuri, alhamdulillahi". Leo nasema kweli: sijui kuzungumza. Najua kununua, kusalimia, kuuliza njia na kugombeza watoto. Kuzungumza, kule kwetu kwa barazani, kwa kuchekesha watu na kumkata mtu kauli, bado.

Kihindi sicho, ni Kibengali, na usije ukamwambia hivyo mtu wa hapa. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi walipigwa risasi Dhaka, mji mkuu wa huku, kwa kudai Kibengali kiwe lugha ya taifa. Wakati huo huku kulikuwa upande wa mashariki wa Pakistani, na wakubwa walitaka Kiurdu peke yake. Mpaka leo siku hiyo ikifika watu huenda alfajiri pekupeku, maua mkononi, kuwakumbuka. Ndiyo siku ambayo UNESCO wameifanya ya lugha mama duniani kote. Basi ukitamka maneno mawili tu ya Kibengali sokoni, muuza vitunguu anakufurahia kama umemzalia mjukuu.

Mnavyodhani nyinyi, taabu iko kwenye maandishi. Hapana. Herufi zao zinaning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba, na baada ya miezi michache nilikuwa nasoma vibao vya maduka, polepole, kama mtoto wa chuoni anayeendesha kidole. Tarakimu ndizo zilizonitia hasara kidogo. Nne yao imeandikwa kama nane yetu, na saba yao kama tisa. Nimewahi kulipa themanini kwa kitu cha arubaini, muuzaji akanirudishia huku anacheka.

Kilichonishinda ni maneno yaliyovaa nguo zetu.

Weye waniita dada. Nyumba hii dada ni babu mzaa baba. Ukivuka mpaka ukaenda Kolkata, India, dada ni kaka mkubwa. Kaka naye ni ami. Na ami ni mimi. Nani ni bibi mzaa mama, kwa hiyo hapa hakuna haja ya kuuliza nani ni nani. Aliyebaki vilevile ni baba peke yake.

Mama ni mjomba. Wiki yangu ya pili hapa mjini Chattogram nilikuwa jikoni nakaanga samaki, mafuta yakanirukia mkononi, nikapiga ukelele: "Mamaaa!" Mjomba wa mume wangu, mzee wa miaka sabini, alikuwa sebuleni anakunywa chai na wenzake. Alikuja mbio, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili umeshika lungi, kikoi chao, isimdondoke. Nyumba nzima imejaa wanawake, mimi nimemwita yeye. Akanimwagia maji, akanipuliza mkono, na mpaka leo anawahadithia wageni kwamba bibi harusi alipoungua alimtaja yeye kwanza. Sijapata moyo wa kumweleza.

Na si wajomba wa damu tu. Dereva wa riksho ni mama, muuza chai wa kando ya njia ni mama. Unasimama barabarani unaita, "Ei mama, jaben?", yaani, "Mjomba, utakwenda?" Mwaka mzima ulimi ulinigomea kumwita mama mwanamume mwenye ndevu.

Sasa sikiliza hili la chai. Pesa yao inaitwa taka. "Chai" kwao ni kitenzi: nataka. Ile ya kunywa ni "cha". Jioni moja nilikuwa nazungumza na mama kwa simu, nikamwambia, "Nimechoka leo, nataka chai." Mtoto wa shemeji yangu, wa miaka sita, alikuwa ameketi karibu yangu. Yeye alisikia "taka chai". Nataka pesa.

Kesho yake asubuhi mavyaa akanivuta nyuma ya mlango wa jikoni, akanifumbatisha noti ya taka mia tano, akanikunja vidole kimoja kimoja, kisha akaweka kidole chake mdomoni. Mume aliporudi kazini aliwekwa kikao: mkeo analia njaa kwa mama yake ng'ambo na wewe umekaa? Ilichukua siku tatu kujua nini kilitokea. Ile pesa sikuirudisha. Nilinunulia majani ya chai ya Sylhet, tukanywa wote.

Utaniambia, si yapo maneno yanayosaidia? Yapo. Gari ni gari. Duka ni dokan, kalamu ni kolom, sabuni ni shaban, hesabu ni hisab, bima ni bima hiyohiyo. Laki ni lakh. Lakini "gorom", nililolisikia nikadhani watu wanalalamikia gharama, kumbe wanasema joto. Kila neno ninalolijua lazima nilikague kama noti ya bandia.

Halafu pumzi. "Bhat" ni wali, "bat" ni baridi yabisi, tofauti ni hewa kidogo tu baada ya ile b. Kwa miezi nimekuwa nikiwaambia wageni kwamba nimeshakula baridi yabisi, nimeshiba. Watu wa Mombasa mnaotofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini mngenipita hapa. Sisi wa mjini Unguja wengi tumeshaiacha pumzi hiyo.

Na saa! "Arai" ni mbili na nusu, neno lake peke yake. Wakikwambia arai, ni saa nane na nusu kwetu. Kwa hiyo naanza kutoa kwenye Kibengali, napeleka kwenye saa ya ukutani, naipeleka kwenye saa ya Kiswahili, nikifika basi limeshaondoka.

Kuhusu heshima sikusumbuka sana. Kuna "wewe" tatu, apni, tumi na tui, na kitenzi kinabadilika kwa kila moja. Nimeshika apni kwa wote. Hata paka namwambia apni. Watoto wanakufa kwa kicheko.

Lililonivunja moyo ni jingine. Mwalimu wangu, binti wa jirani, alinifunza Kibengali cha vitabuni. Kukana kunakuja mwisho: "ami jai na", mimi siendi. Unasubiri sentensi nzima ndipo ujue mtu anakwenda au haendi. Nilihangaika nayo mpaka ikakaa. Ndipo nikagundua kwamba mavyaa hasemi hivyo hata siku moja. Yeye anasema Kichatgaiya, maneno ya hapa hapa, na kwake kukana kunatangulia: "ai no zai". Maji, "pani", kwake ni "fani". Mtu wa Dhaka akija hapa haelewi, anaomba atafsiriwe. Mimi nimejifunza lugha ya mtangazaji wa habari, nikaolewa kwenye nyumba isiyoizungumza.

Nimelia, sikufichi. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika kipaza sauti kwenye maharusi ya ukoo. Hapa nakaa kati ya wanawake kumi na wawili wakipukuchua maharage na kuangusha vicheko, na mimi nachekea wanavyocheka. Mgeni mmoja kutoka Dhaka aliwahi kuuliza juu yangu, akajibiwa, "O bojhe na." Haelewi. Ilikuwa sentensi ya kwanza niliyoielewa yote bila kufikiri.

Kwa hiyo ukiniona kwenye video natikisa kichwa, ujue nimepata nusu, na nusu nyingine nasubiri kuuliza usiku. Kesho ukipiga, piga mapema. Saa moja yenu ya usiku ni saa nne kwetu, mavyaa keshalala. Na lile neno analokwambia kila mara, ulilosema anakohoa, ni "khobor", kinywani mwake linatoka "hobor". Anakuuliza habari. Mjibu "bhalo", na hewa uitoe.