Tumeshakiuza au bado?

Ijumaa nililetewa rasimu ya mkataba wa krediti za kaboni na wakili ambaye joho lake halijafikisha hata mwaka. Kiambatisho cha pili kinasema mradi utazalisha umeme wa megawati-saa (MWh) 30,000 kwa mwaka, hivyo muuzaji atawasilisha krediti 30,000. Nikafunga kompyuta, nikaenda kunywa chai. Wadogo zangu mawakili, mnanizeesha. Nawaandikia haya nikiwa bado na hasira kidogo, maana kesho zitakuwa zimeisha na nitaanza kuwabembeleza.

1. MWh si tani. Cheti cha nishati jadidifu kinahesabu MWh 1 ya umeme uliozalishwa. Krediti inahesabu tani 1 ya hewa ukaa iliyoepukwa. Katikati yake kuna kigezo cha gridi: kila MWh ya gridi inatoa tani ngapi. Kigezo kikiwa 0.5, zile 30,000 zinakuwa 15,000, na mteja wako ameahidi nusu ambayo hana. Tena kigezo chenyewe hakitulii. Mitambo ya Bwawa la Nyerere ilianza kuingia kwenye gridi mwaka 2024, na yote tisa kwa pamoja ina uwezo wa MW 2,115. Gridi ikizidi kusafishika, uchafu wa kuepuka unapungua, na krediti kwa kila MWh nazo zinapungua. Sasa wewe mfunge mteja kwa idadi ileile miaka kumi, uone.

2. Kabla hujauza, uliza kama kimeshauzwa. Hapa nitakaa.

Nilikuwa na mteja, mzee mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, mwenye mtambo mdogo wa maji. Alikuwa anaiuzia gridi umeme wake, na mimi nikamwandikia mkataba wa kuuza vyeti vya nishati jadidifu kwa kampuni moja ya Ulaya. Kifungu cha tafsiri nilikikopi kutoka mkataba wa zamani uliokuwa kwenye mashine yangu. Kilisema muuzaji anahaulisha "manufaa yote ya kimazingira yatokanayo na umeme huo". Maneno yalinipendeza, yalikuwa na uzito. Sikujiuliza neno "yote" linafanya nini pale.

Baada ya miezi kama minane akaja mnunuzi wa kaboni. Nikaandika mkataba wa pili, na humo mteja wangu akathibitisha kwa saini yake kwamba ndiye mmiliki pekee wa haki zote za kaboni za mradi. Mikataba yote miwili ilikuwa kwenye droo yangu. Droo moja, faili la kijani na faili la bluu, yamelaliana.

Wakili wa mnunuzi wa pili aliniandikia saa tano usiku. Hakuna salamu, hakuna lawama. Alibandika vifungu viwili sambamba, cha mwaka ule na cha mwaka huu, akaweka alama ya kuuliza moja chini yake. Nilizisoma zile aya mara nne nikitafuta pa kutokea. Hapakuwepo. MWh zilezile, miezi ileile, watu wawili tofauti wanatangaza kwa wateja wao kwamba usafi ule ni wao.

Asubuhi nikampigia mzee. Alikuwa kwenye mdomo wa mfereji anaondoa majani kwenye chekeche, nasikia maji nyuma ya sauti yake. Nikamweleza kwa lugha ndefu ya kisheria, kama tunavyofanya tukiwa tumekosea. Akaniacha nimalize. "Binti yangu, maji ni yaleyale, umeme ni uleule. Wewe umeuza mara ngapi?"

Ilibidi tuwaombe wale wa Ulaya warudishe vyeti ambavyo hawajavitumia, tuwarudishie fedha, na tusaini nyongeza ya kupunguza lile neno "yote". Wa kaboni alikubali kuanza kuhesabu upya kuanzia mwaka uliofuata, kwa bei ya chini. Ada yangu sikudai, na sikuthubutu kuitaja.

3. Kwa mitambo ya maji, ukame uandikeni kwa jina kwenye kifungu cha majanga yasiyozuilika, pamoja na kipimo cha mto na nani anakisoma.

4. Kanuni za Tanzania za Biashara ya Kaboni za 2022 zisomeni pamoja na marekebisho yake ya 2023, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni (NCMC), pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro, mkiendee mapema. Huendi na champeni baada ya kusaini.

5. Acheni kukopi rasimu za Nairobi. Sheria ya Kenya ya 2023 inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhi na angalau 25 kwa isiyo ya ardhi. Juzi nimekutana na hiyo 40 kwenye rasimu ya mradi wa Iringa, pamoja na "kaunti" ambayo mwandishi alisahau kuifuta.

6. Ufanisi wa nishati ni mgumu kuliko mnavyodhani, kwa sababu umeme usiotumika hauna mita. Unalinganisha na hali ya awali. Kiwanda kimoja kilifunga mota mpya zinazokula umeme kidogo, kwa fedha za mwekezaji, kisha kikaongeza zamu ya usiku. Bili ikapanda, mwekezaji huyo anadai sehemu yake ya akiba, mwenye kiwanda anamwonyesha bili. Wote wawili walikuwa na haki. Mkataba ndio ulikuwa kimya. Andikeni kilowati-saa kwa kila tani ya bidhaa, msiandike bili ya mwezi.

7. Soko la krediti lina Ibara ya 6 ya Makubaliano ya Paris ya tabianchi: nchi ikiidhinisha krediti iuzwe nje, inaifuta kwenye hesabu zake. Kwa hiyo barua ya idhini ni sharti la kutangulia malipo, msiifanye ahadi ya baadaye.

Yule mzee bado ni mteja wangu. Mwezi uliopita alinipigia kuhusu shamba la viazi analotaka kumkodisha jirani, hakuna kaboni wala umeme humo. Kabla hata ya salamu: "Wakili, hiki tumeshakiuza au bado?" Nikafungua droo, nikaangalia kwanza.