Paka mzee ana siku tano hajapata choo, nimnyweshe mafuta?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Njombe. Paka wangu dume, miaka 13, leo siku ya tano hajapata choo. Anachuchumaa, analia, anaondoka bila kitu. Mkojo anakojoa mwingi na maji anakunywa kuliko zamani. Jana katapika, na chakula hataki. Jirani anasema nimnyweshe mafuta ya alizeti, yakishindwa nimpige bomba la maji ya sabuni. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba, mama. Usianze na lolote. Siku tano, tena na kutapika, hazimaliziki jikoni. Mtie kwenye boksi lenye matundu, mfunike kitenge kwa baridi hii ya kwenu, umfikishe kwa daktari wa mifugo leo.

Hayo mafuta ndiyo yanayoniumiza roho. Kila msimu wa baridi naletewa paka kidevu kimelowa alizeti, manyoya ya kifuani yamegandamana, na nikimwekea kifaa cha kusikiliza kifuani nasikia mapafu yanakwaruza. Aliletwa kwa choo, sasa ana nimonia. Paka akishikwa kwa nguvu na kumiminiwa mafuta huyavuta kwenye njia ya hewa, na mafuta ya maji ya duka la dawa (liquid paraffin, yale ya kulainisha choo) ni mabaya zaidi, kwa kuwa hayana ladha ya kumshtua akohoe. Na hata yakipita salama, mafuta ya kupikia humeng'enywa kwenye utumbo mwembamba kama chakula kingine. Kinyesi kiko mwisho kabisa wa utumbo mpana, kimekauka. Ukibonyeza tumbo unakigusa, kigumu kama gunzi la hindi. Kijiko cha mafuta mdomoni hakikifikii.

Kilichokikausha ni upungufu wa maji mwilini. Paka wa umri huo anayekunywa na kukojoa sana, figo zake ndizo ninazozishuku kwanza: zimeshindwa kubana maji, kwa hiyo mwili unayavuta kutoka kwenye kinyesi. Kikikaa siku nyingi, utumbo hutanuka na kulegea, ukashindwa kusukuma. Maumivu ya nyonga nayo humfanya paka mzee akwepe kuchuchumaa.

Kwa hiyo daktari ataanza na dripu. Akishapata nguvu, atalazwa usingizi kwa dawa, aingizwe kwa nyuma maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa kipimo, na kinyesi kitolewe kidogo kidogo kwa kidole. Pengine itachukua siku mbili. Omba apimwe damu kuangalia figo. Nyumbani atakunywa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, kwa kipimo cha uzito wake, na kwa wengi ni dawa ya kila siku. Dagaa mpikie wawe na mchuzi mwingi, bila chumvi wala kitunguu. Mifupa basi, usimpe tena.

Bomba la sabuni huunguza ngozi laini ya utumbo. Lakini lipo baya zaidi, na hili nawaambia wote wenye paka, kuanzia Iringa hadi Tukuyu: zile chupa za kupiga bomba za binadamu zenye fosfeti, aina ya chumvi. Muuzaji wa duka la dawa anakwambia "ni ileile tu". Si ileile. Fosfeti ikiingia kwenye damu ya paka, kalsiamu hushuka, anapata degedege, anaweza kufa ndani ya saa chache. Muuzaji huyohuyo atakupa nusu ya panadol ya maumivu, nayo kwa paka ni sumu. Hajawahi kumgusa paka, hajui uzito wake, ila anataja dozi bila kusita, na maiti naletewa mimi.

Wako anakojoa, hapo nashukuru. Wengine wenye madume, angalieni mkojo kabla ya kusema choo kimefunga. Dume anayejikamua bila kutoa hata tone ameziba njia ya mkojo, na anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Huyo usimsubirishe asubuhi, mpigie daktari usiku uleule.