Njagu Huyo! Ya Konda Mkongwe kwa Madeiwaka
Juzi nimekaa siti ya nyuma kama abiria, natoka Lindi narudi Mtwara. Tunaingia Mikindani, deiwaka mmoja, konda wa kibarua cha siku, ndevu bado hazijaota, kachomoza kichwa mlangoni, kapiga bati na kumpayukia dereva: "Suka, njagu huyo!" Trafiki mwenyewe yuko hatua tatu. Nikafumba macho. Wadogo zangu, kosa hilo mimi nimeshawalipia wote.

Moja. Maneno ya kumwita polisi yapo mengi, kila moja na mahali pake. Njagu na ndata ni ya kijiweni, yabaki kijiweni. Tochi kwanza ni kile kifaa cha kupimia mwendo, maana trafiki anakuelekezea kama anakumulika. Siku hizi hata aliyekishika tunamwita tochi. FFU, polisi wa kutuliza ghasia, ni Field Force Unit, lakini mtaani ni Fanya Fujo Uone, na hapo hakuna anayeomba ufafanuzi. Karau waachieni Wakenya.

Mbili. Gari ikisimamishwa, simu mfukoni. Hii naieleza polepole maana inaniuma mpaka leo. Tulikuwa tunakwenda Masasi, msimu wa korosho, kosta imeshona, watu wamesimama mpaka mlangoni. Tukapigwa mkono pale Mnazi Mmoja. Mimi nikajifanya mjanja, nampigia konda mwenzangu aliye nyuma: "Njagu wawili hapa, mmoja mnene kama gunia la korosho, punguza vichwa mapema." Kumbe gunia lenyewe liko dirishani kwangu, linasoma stika.

Hakukasirika. Bora angekasirika.

"Njagu ndiyo nini, dogo?"

"Ni... jina la heshima, afande."

Gari zima likaangua kicheko. Bibi mmoja mwenye kuku kikapuni akasema, "Mjukuu wangu, sema kweli, jua linapanda."

"Mengine mnatuitaje?"

Nikasema ndata.

"Mawili hayo. Mtungi wa kuzimia moto uko wapi?" Haukuwepo. "La tatu?"

Nikasema tochi, sauti imeshakauka. Akaitazama fulana yangu ya mpira. "Na sare?" Kisha akaanza kuhesabu waliosimama, taratibu, kwa kidole, kama anahesabu kuku wa yule bibi.

Makosa matatu, kila moja 30,000. Suka akageuka kutazama mikorosho. Bosi alisema 90,000 zitoke kwa mwenye mdomo, na zikatoka. Wiki nzima nililala na chai ya rangi. Wala simlaumu afande, mtungi kweli haukuwepo.

Tatu. Mbele yake sema afande, basi. Siku ile tulikuwa na mwalimu mstaafu, aliponiona nimenywea akaanza somo. Afande ni efendi ya Kituruki, yaani bwana. Mwaka 1889 Mjerumani Wissmann aliajiri askari wa Kisudani kule Misri, waliozoea kumwita mkubwa efendi, waje kumpigania pwani yetu, na Mei 1890 majeshi yake yakaiteka Lindi na Mikindani. Askari nalo ni la Kiarabu. Akasema hata London polisi wana jina la utani, Bobby, kwa sababu ya Robert Peel aliyeunda polisi wa jiji hilo mwaka 1829. Bobby ni kifupi cha Robert. Tukawa tumefika Mtama, anashuka. Yule bibi akamshika kanzu: "Na njagu je, mwalimu, limetoka wapi?"

"Muulize konda," akasema, "yeye ndiye aliyelilipia."

Nne. Kibao cha 50 ni hamsini, si hamsini na kitu.

Tano. Mtungi kagua alfajiri, kabla ya chai.

Na wewe kijana wa Mikindani, ukiisoma hii: chenji yangu ya mia tano bado unayo.